Nikon D750 (MP 24) au D850 (MP 46): tofauti inaonekana kweli kwenye picha?

Fremu_Temeke
Habari wakuu. Napiga harusi na sendofu hapa Dar, kazi nyingi zinaishia kwenye albamu ya A4 na bango la ukumbini. Nina D750. Kuna jamaa anauza D850 iliyotumika, ila nikiichukua itabidi niuze lenzi moja. Kutoka megapikseli 24 kwenda 46 ni karibu mara mbili. Je, na picha itakuwa kali mara mbili?

Mzee wa Lenzi
Hapana mkuu. Megapikseli ni hesabu ya eneo, upana mara urefu. D750 inatoa 6016 kwa 4016, D850 inatoa 8256 kwa 5504. Linganisha upana kwa upana: umeongeza asilimia 37 tu. Mara mbili ya kweli ungehitaji kama MP 97.

Sasa twende kwenye kazi zako. A4 kwa pikseli 300 kila inchi inataka 3508 kwa 2480, hata MP 9 hazifiki. Kamera zote mbili zinapita hapo bila jasho. Bango la upana wa mita 2, D750 inakupa pikseli 76 kila inchi, D850 inakupa 105. Anayesogeza pua kwenye bango ataiona tofauti. Wageni wanalitazama wakiwa mezani.

Saida_Picha
Mzee umeruka kukropu, yaani kukata kingo za picha ili kusogeza mtu karibu. Watu wa video wamekuzibia njia, MC naye kasimama katikati, wewe umekwama nyuma na lenzi ya 85mm. Picha ya D850 ukiikata hadi ukubwa wa DX (fremu ndogo ya katikati) unabaki na MP 19.4. D750 unabaki na 10.3. Hiyo tofauti inanilisha kila wikendi, sirudi nyuma.

kombo_zenj
Mimi naomba tuongelee vioo, yaani lenzi. Sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya D850 haina kile kichujio cha kulainisha kilichopo kwenye D750, kwa hiyo ukiwa na lenzi nzuri unaona kila mstari wa hina mkononi mwa bibi harusi. Lakini na aibu nazo zinaonekana: lenzi iliyoingia kuvu (huku pwani unyevu hausamehe), mkono uliotikisika kidogo. Kanuni ya kasi ya shata ya sekunde 1/50 kwa lenzi ya 50mm niliiacha, naanzia 1/125. Halafu suti zenye mistari myembamba zinatoa mawimbi ya rangi, na kuyaondoa kwenye kompyuta ni kazi ya kukesha. Lenzi unayotaka kuuza ni ipi?

dogo_simu
Galaxy S23 Ultra ina MP 200 wakuu, nyie bado mnabishania 46? 😂

Mzee wa Lenzi
Dogo, pikseli ya simu hiyo ina upana wa maikromita 0.6. Ya D750 inakaribia 6. Ndiyo maana simu yenyewe kwa kawaida inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya MP 12.5. Mchana kwenye jua sibishi, inapiga vizuri. Ukumbi wenye taa za zambarau, njoo tupige wote siku moja.

Fremu_Temeke
Lenzi ni 70-200 f/2.8. Na nahariri kwenye laptop ya RAM GB 8, kama hilo lina uzito.

Saida_Picha
70-200?! Usiuze! Nilisema D850 nikidhani huna lenzi ndefu. Hiyo inakuleta karibu na maharusi bila kukata pikseli hata moja. Na faili moja la RAW (picha ghafi kabla ya kuhaririwa) la D850 ni kama MB 50, hiyo laptop itakuomba talaka kabla ya albamu kuisha.

kombo_zenj
Namuunga mkono Saida. Akija mteja wa mabango makubwa, kodi D850 siku hiyo na gharama muwekee kwenye bei yake. Ukiona bado roho inaitaka ya jamaa, muulize kwanza shata (pazia linalofunguka kila ukipiga picha) imeshapiga mara ngapi, ndipo muongee pesa.