Taa tatu juu ya ziwa upande wa Igombe: video kama hii inachambuliwaje?

Igombe_Kwetu

Habari za jioni wakuu. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza, imeandikwa "UFO Ziwa Victoria", yaani kitu cha angani kisichotambulika. Imepigwa ufukweni Igombe kuelekea ziwani. Zinaonekana taa tatu nyeupe zimening'inia, hazigusi maji, na chini yake kuna mstari wa giza. Zinatetemeka, moja inagawanyika mbili, moja juu moja chini, halafu zinapotea moja baada ya nyingine. Aliyeituma anasema ilikuwa saa mbili na dakika ishirini usiku, mbalamwezi hakuna, ziwa shwari. Anaongeza kwamba jioni hiyo hiyo, kwenye saa moja na nusu, watu wa Kirumba waliona nukta za mwanga zimepangana kama shanga zikipita juu bila mlio.

Sitaki ubishi wa majini dhidi ya "serikali za wakubwa zinatuficha". Nataka kujua mtu anayeijua kazi hii anaanzia wapi, anapima nini, anaondoa nini kwanza, na ni lini ana haki ya kusema kitu hiki hakijatambulika.

Anga_Nyanza

Mkuu, kwanza zitenganishe. Hayo ni matukio mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja, na furushi likishafungwa kila upande unaupa mwenzake nguvu usiyostahili.

Nukta za Kirumba ndizo rahisi. Hizo ni setilaiti za Starlink, zile za intaneti za kampuni ya SpaceX, siku chache baada ya kurushwa. Kundi la kwanza, setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019, na usiku uliofuata tu watu wa Uholanzi walikuwa tayari wanaripoti UFO. Mwanzoni zinafuatana zikiwa chini, kama kilomita 300 hivi, kisha zinapandishwa hadi karibu kilomita 550 na kutawanyika, ndiyo maana huoni mstari ule kila siku.

Kuzithibitisha, angalia saa. Setilaiti haitegemei taa yake, inaakisi jua. Mwanza jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na ushee, na kwa kuwa tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Setilaiti ya kilomita 300 iliyo utosini huingia kwenye kivuli cha dunia kama dakika 70 baada ya machweo, ya kilomita 550 kama dakika 90. Upande wa magharibi zinadumu kidogo zaidi. Kwa hiyo saa moja na nusu inaingia bila shida. Mtu akikuambia ameziona utosini saa tano usiku, hapo sasa mkalishe chini umhoji vizuri.

Kisha uliza zilitoka wapi kwenda wapi. Njia ya setilaiti nyingi za Starlink imeinama nyuzi 53 kwa ikweta, kwa hiyo hapa kwetu hutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, au kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kitu kinachokwenda moja kwa moja magharibi si hizo. Na uliza zilivyopotea: zikiwa zinafifia kila moja ikifika mahali pale pale angani, huo ni ukingo wa kivuli cha dunia.

Taa tatu za Igombe ni kazi nyingine, na mimi naona ndiyo yenye utamu.

Giza la mwezi ndio wakati wa dagaa. Taa huwekwa juu ya vielea, zikapangwa kwa mstari, zikaachwa dagaa wakusanyike, kisha wavuvi huzirudia moja moja kwa wavu. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za LED zenye betri, na mwanga wake ni mweupe mkali unaoelekea ubuluu. Macho yaliyozoea karabai yanaona kitu kigeni. Taa ikifunikwa na mtumbwi au na mtu aliyesimama, ukiwa mbali unaona imezimika ghafla.

Sasa kwa nini ining'inie? Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa jicho juu ya maji kwa mita, zidisha kwa 3.57, unapata umbali wa upeo kwa kilomita. Jicho la mita 2 linaona hadi kilomita 5. Taa ya mita 1 inaongeza 3.6. Kwa hiyo taa zilizo kwenye kilomita 8 au 9 ziko kwenye ukingo kabisa, na mwanga wake unasafiri karibu sambamba na uso wa maji. Jua likizama hewa ya nchi kavu inapoa haraka na kuanza kushukia ziwani, wakati maji yenyewe yako bado kwenye nyuzi 24 au 25 za joto. Juu ya maji panabaki tabaka jembamba la hewa yenye joto zaidi, na tabaka hilo linaupinda mwanga kuelekea juu. Unaona taa halisi, na chini yake taswira yake iliyopinduliwa. Chini ya taswira hiyo macho yako hayapati maji, yanapata anga la usiku lililopinda, na huo ndio mstari wa giza. Ni mazigazi yale yale yanayofanya visiwa vionekane vimeinuliwa asubuhi ya baridi.

Mtumbwi ukizidi kwenda mbali, taa na taswira yake zinasogeleana, zinaungana, zinapotea. Video yako inaonyesha hilo hilo: kugawanyika wima, kisha kupotea.

Hili linapimika pale pale. Panda juu ya mawe, mita 4 au 5 zaidi. Mazigazi ya namna hii yanakaa karibu na uso wa maji, kwa hiyo ukipanda pengo linapungua au linafutika na taa inakaa majini inapostahili. Kitu kilicho angani kweli hakibadiliki kwa wewe kupanda jiwe.

Wenzetu nje walipitia njia hii hii. Taa za ajabu za Min Min huko Australia: mwaka 2003 mwanasayansi Jack Pettigrew alieleza kwamba mazigazi ya aina ya pili, hewa baridi chini na ya joto juu, yanaweza kubeba mwanga wa gari lililo mbali sana nyuma ya upeo. Taa za Marfa, Texas: wanafunzi wa fizikia walizipima mwaka 2004, na zile walizozirekodi zikalingana na taa za magari ya barabara kuu namba 67.

Fundi_Kamera

Naongezea upande wa faili, maana hapo ndipo visa vingi vinakufa.

Video iliyopita WhatsApp imeshabanwa, na taarifa za ndani kama saa, aina ya simu na mahali zimeondolewa. Mwombe aliyepiga aitume kama dokumenti, si kama video. Akisema amefuta ya awali, kisa kimebaki maneno.

Ukiipata, tafuta kwanza kitu kisichotembea kwenye fremu: jiwe, nguzo, ukingo wa mti. Kama hakuna, huwezi kusema taa "ilicheza". Mkono ndio uliocheza. Kisha angalia kama amevuta zumu. Simu ikivuta gizani inahangaika kutafuta fokasi, na nukta ya mwanga isiyo kwenye fokasi huchukua umbo la tundu la lenzi. Mnakumbuka video ya pembetatu zinazomulika juu ya meli ya kivita ya Marekani? Mei 2022 maofisa wa ulinzi waliliambia Bunge lao kwamba zile zilikuwa droni, na umbo la pembetatu lilitokana na kamera iliyopiga kupitia miwani ya kuonea usiku.

Kama kuna taa kali ya ufukweni ndani ya fremu, chora mstari kutoka kwenye taa hiyo kupitia katikati kabisa ya picha. Ukikuta "chombo" kimekaa ng'ambo ya pili kwa umbali ule ule, ni kiakisi cha lenzi. Ukisogeza simu, taa ikienda kulia kwenye picha, chenyewe kinakimbia kushoto.

Na kasi, jamani, kasi! Bila umbali hakuna kasi. Ile video ya 2015 ya ndege ya kivita ya Marekani, iitwayo GOFAST, kitu kinaonekana kinafyatuka juu ya bahari. Jopo la NASA lilipiga hesabu kwa namba zilizo kwenye skrini yenyewe na kutoa ripoti mwaka 2023: kitu kiko juu kama kilomita 4, kinakwenda kama kilomita 64 kwa saa, mwendo wa upepo. Kilichokimbia ni ndege iliyobeba kamera.

Mwana_Bwiru

Nawaheshimu wote wawili, lakini msiuzike mjadala mzima chini ya fungu la dagaa. Jeshi la anga la Marekani, mwishoni kupitia mradi wake wa kuchunguza UFO ulioitwa Project Blue Book, lilikusanya ripoti 12,618 kati ya 1947 na 1969, na 701 zilibaki bila jibu. Bonde la Hessdalen, Norway, taa zinaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuna kituo cha kamera tangu 1998. Hapa Afrika kuna shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, Septemba 16, 1994: wanafunzi wapatao 62 walisema waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Watoto wote hao waliona mtumbwi?

Anga_Nyanza

Kaka, Hessdalen nakupa. Pale kuna mwanga uliopigwa picha na kupimwa kwa vifaa, na maelezo bado yanabishaniwa. Kinachoupa uzito ni kwamba watu walipeleka kamera, rada na vipimo vya sumaku mwaka 1984 wakakaa bondeni kusubiri, tena kwenye baridi kali. Hicho ndicho kisa cha kufuatilia.

Zile 701 ni jambo jingine. "Haikutambulika" maana yake waliokuwa na jalada hawakuweza kulifunga. Wafaransa wameliweka vizuri zaidi. Idara yao ya GEIPAN, iliyo chini ya shirika la anga CNES, inagawa visa kwa A, B, C na D. C ni kisa kisicho na taarifa za kutosha. D ni kile chenye taarifa nzuri na bado hakielezeki. Hizo D ni asilimia chache tu, na ndizo zinazostahili usingizi wetu. Ukizichanganya C na D unapata idadi ya kutisha isiyo na maana.

Ruwa siwaiti watoto waongo, na simpendi anayewaita hivyo. Ila tazama mpangilio. Usiku wa Septemba 14, siku mbili kabla, watu wa kusini mwa Afrika waliona mwanga mkubwa ukikatika vipande angani: mabaki ya roketi ya Urusi aina ya Zenit yaliyokuwa yakirudi. Redio zikajaa habari za UFO. Ndipo likaja tukio la shule wakati wa mapumziko, walimu wakiwa kikaoni. John Mack, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, alifika kuwahoji watoto miezi kama miwili baadaye. Watoto walishaongea wao kwa wao, na wazazi walishaongea. Mahojiano yenye nguvu hufanywa siku ile ile, mmoja mmoja, kabla hawajakaa pamoja, bila swali lenye jibu ndani yake. Usiulize "kilikuwa na miguu mingapi?" Sema "nieleze ulichokiona" kisha unyamaze.

Kuhusu roketi, ukiona mwanga unapita polepole kwa dakika nzima na zaidi huku ukimeguka, ni mabaki ya chombo. Kimondo humaliza kazi kwa sekunde chache. Na vipande hivyo hufika chini kweli: Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Ukikuta kitu cha namna hiyo usikiguse, toa taarifa polisi.

Igombe_Kwetu

Nimempata aliyepiga. Anasema taa zilikuwa kaskazini-magharibi, chini kabisa, hata upana wa kidole kidogo juu ya maji hazikufika. Anasema pia kulikuwa na mimuliko mikubwa nyuma ya taa hizo, kimya, bila ngurumo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Faili la awali analo.

Anga_Nyanza

Kidole kidogo mkono ukiwa umenyooshwa ni nyuzi 1. Ngumi nzima ni 10. Chini ya nyuzi 1 juu ya maji bado ni mkanda wa mazigazi, kwa hiyo mitumbwi imekaa vizuri zaidi sasa.

Mimuliko ni radi za katikati ya ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote, unakutana katikati, hewa inapanda, mawingu yanajengeka. Ziwa letu ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mwanga wa wingu refu unaonekana kutoka kilomita 100 na zaidi, lakini ngurumo haisikiki ikizidi kilomita 15 au 20. Mwambie atulie.

Zuhura naiondoa kwa tahadhari. Haiendi zaidi ya nyuzi 47 kutoka kwenye jua, hivyo baada ya saa nne na nusu usiku huwezi kuisingizia, lakini saa mbili na dakika ishirini inaweza kuwepo magharibi. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, weka Mwanza, tarehe na saa ile, uangalie. Ndege iliyowasha taa za kutua ikikuelekea nayo huganda angani dakika kadhaa, kisha inageuka na kuonyesha nyekundu na kijani. Ukiikosa kwenye Flightradar24, ramani ya mtandaoni ya kufuatilia ndege, usishangilie, maana ndege iliyo chini hupotea pale ambapo hakuna kipokezi cha ardhini karibu.

Giza la mwezi lijalo wekeni watu wawili, waliotengana kilomita 10, wakiongea kwa simu. Kila mmoja aandike taa iko chini ya nyota gani, kwa saa ile ile hadi sekunde. Msitegemee dira ya simu, inaweza kukosea nyuzi 5 au 10, hasa karibu na gari au pikipiki. Mkiona tofauti ya mwelekeo ni chini ya nyuzi 1, kitu kiko zaidi ya kilomita 570, ni cha anga za juu. Ikiwa ni nyuzi 45 hivi, kiko kilomita 10 tu, palepale ziwani. Mmoja wenu ashuke majini kwenye mchanga na mwingine apande mawe, mlinganishe pengo. Mwenye tripodi asivute zumu na afunge fokasi kwenye taa ya mbali.

Faili la awali litume kwa Fundi kama alivyosema, pamoja na mahali hasa alipokuwa amesimama.

Fundi_Kamera

Na asilikate wala kuongeza mwangaza kabla ya kulituma. Sekunde za mwanzo, simu ikiwa bado inashushwa kutoka angani, mara nyingi ndizo zenye nyota za kupimia.