Naomba ushauri: nimweleze vipi Raymond VI wa Toulouse?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandaa mada kwa vijana wa parokia yetu kuhusu Raymond VI, mtawala wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, aliyelaumiwa kwa kuwavumilia Wakathari, kundi la kidini ambalo Kanisa Katoliki lilikataa mafundisho yake. Mwaka 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa; lawama zikamwangukia yeye, na Papa Innocent III akaitisha vita vya msalaba. Juni 1209, pale Saint-Gilles, Raymond alivuliwa nguo hadi kiunoni, akachapwa viboko. Picha hiyo hainitoki kichwani. Mwezi uliofuata alikuwa upande wa jeshi lililoivamia ardhi ya mpwa wake, na watu wa Béziers wakachinjwa. Hata hivyo alikufa mwaka 1222 akiwa bado ametengwa na Kanisa, akanyimwa maziko ya Kikristo.

Nimeandika rasimu mbili. Katika moja ni msaliti, katika nyingine ni mlinzi wa raia wake, na zote naona zinamwonea.

Je, hakuwafukuza Wakathari kwa huruma, au hakuwa na nguvu juu ya makabaila waliokuwa chini yake? Na badala ya "wazushi", nitumie neno gani lisilowahukumu kabla vijana hawajawasikiliza?