Tovuti inafunguka vizuri ila imeili zimekata tangu Jumamosi, nimekosea wapi kwenye DNS (mfumo unaoelekeza jina la domeini kwenye seva zake)?

Wakuu, habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlima hapa Moshi. Jumamosi nilihamia hostingi mpya, wakaniambia nibadilishe nemseva (seva zinazotunza rekodi za DNS za domeini), nikabadilisha, nikajaza rekodi ya A (inayotaja IP ya seva ya tovuti) na ya www. Tovuti inafunguka fasta kuliko zamani. Ila imeili hakuna hata moja iliyoingia, na leo mteja wa Ujerumani kaniambia WhatsApp kwamba barua yake imerudi. Huduma ya imeili sikuigusa, ipo kampuni nyingine kabisa. Naombeni msaada, msimu ndio huu.

Fundi Kebo: Mkuu, kubadilisha nemseva ni kuhama nyumba nzima, si sebule peke yake. Rekodi zote zimebaki kule, ikiwemo MX, ile inayosema imeili zipelekwe seva gani. Pasipo na MX, seva inayotuma hujaribu anwani ya A. Kwa hiyo barua ya Mjerumani imeenda kugonga kwenye seva ya tovuti, ikajibiwa hatumjui huyo. Wahi paneli ya zamani kabla hawajaifunga, piga picha ukurasa wote wa DNS.

MamaSeva: Na MX inataka jina, siyo namba za IP. Angalia nukta pia. Kuna paneli ukiandika mail.jinalenu.co.tz bila nukta mwishoni, yenyewe inabandika domeini tena: mail.jinalenu.co.tz.jinalenu.co.tz. Nimewahi kukesha ofisini kwa ajili ya hiyo nukta.

Mleta uzi: Nimeziona. MX mbili, 10 na 20. Kuna na TXT inayoanza v=spf1, na hostingi mpya nao wamenipa yao. Niweke zote?

Fundi Kebo: MX weka zote, 10 ndiyo inayojaribiwa kwanza. Hiyo ya v=spf1, yaani SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma imeili za domeini yako, hapana, ni moja tu kwa domeini. Zikiwa mbili, anayepokea anahesabu ni kosa. Unganisha kwenye mstari mmoja, au kama tovuti haitumi imeili, ya hostingi achana nayo. DKIM (ufunguo wa kuthibitisha saini ya imeili zako) nakili na ubandike, usichape kwa mkono.

Mpita Njia: Ukimaliza subiri saa 48 isambae.

MamaSeva: Hizo saa 48 watu wamezikariri. Hakuna kinachosambaa. Seva za njiani zinashika jibu la zamani mpaka TTL yake iishe, yaani muda wa kulishika, kwa sekunde; 3600 ni saa moja. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika nslookup -type=mx jinalenu.co.tz 8.8.8.8 (hiyo ya mwisho ni seva ya DNS ya Google) ujionee.

Mleta uzi: Dah! Nimejitumia kutoka Gmail, imeingia! Zile za tangu Jumamosi zitarudi?

Fundi Kebo: Zilizokataliwa ndiyo basi. Zilizoambiwa zisubiri, seva nyingi hurudia kwa siku kadhaa, hizo utaziona.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mjerumani anatuma upya. Walionyamaza ndio sijui ni wangapi.

MamaSeva: Weka tangazo kwenye tovuti. Si inafunguka fasta?