Naombeni ushauri: ubao wa kupigia magoti wa Kijapani, mguu unakufa ganzi

Mkazi_Osaka: Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mwenzangu ni watu wazima, tunaadhibiana kwa kuridhiana, neno la kusimamisha tunalo. Nimeunda ubao wa mfano wa soroban-zeme: vipande vitano vya mbao za pembe tatu, ncha juu, yeye anapiga magoti miundi ikiwa juu ya ncha. Mguu unakufa ganzi. Nipanue nafasi kati ya vipande, au nipige msasa?

Fundi_Mninga: Msasa hautoshi. Muundi hauna nyama mbele, kwa hiyo ncha inakula mfupa moja kwa moja. Ng'oa zote, weka fito za mviringo za sentimita 3, zivishe povu gumu. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, pasiguswe na ufito wowote.

Daftari_la_Edo: Mnaongelea mbao tu! Enzi za Tokugawa, ukoo uliotawala Japani zamani, kifaa hiki kilikuwa cha kumtesa mshukiwa mpaka akiri. Mateso ya aina hiyo yalifutwa Japani mwaka 1879. Ukikinakili kilivyo, umenakili na kazi yake: kumvunja mtu.

Tiba_Maungo: Mkuu, anakaa dakika ngapi? Na mapajani kuna nini?

Mkazi_Osaka: Dakika 20. Kuna jiwe moja la graniti, sentimita 90 kwa 30 kwa 9, kilo 49 kama yale waliyowekewa washukiwa wa kale. Ila yeye ndiye aliyeliomba, na neno hakulitamka.

Mpiga_Hesabu: Uzi wa kutunga huu. Jiwe hilo ni lita 24.3, na lita moja ya graniti ina kama kilo 2.7. Zinakuja kilo 65. Hujawahi kulishika.

Daftari_la_Edo: Kilo 49 ni za yale ya kale, ya jiwe la Izu huko Japani, jepesi kuliko graniti.

Mkazi_Osaka: Sijatunga. Sikulipima, namba niliisoma tu. Tulilibeba wawili. Na tangu juzi hawezi kuinua wayo, anauburuta. Lakini maumivu hana, ndiyo maana nikauliza habari za ubao.

Tiba_Maungo: Ungeanza na hilo. Neva inayoinua wayo inazunguka nje ya goti, juu juu kabisa, na ikibanwa hivyo inaweza kuumia kwa muda mrefu. Neno hakulitamka kwa sababu ganzi haiumi. Ndiyo maana kila baada ya dakika 2 anayepiga magoti anaambiwa ainue vidole. Vikikataa, anainuka hapo hapo. Jiwe lisirudi tena. Nendeni hospitali leo. Shavu la mguu likivimba na kukaza, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, hiyo ni dharura.

Mkazi_Osaka: Anaona haya kumweleza daktari. Tukisubiri Jumatatu?

Tiba_Maungo: Hapana. Aseme alipiga magoti juu ya mbao zenye ncha, kilo 65 mapajani, dakika 20. Daktari anahitaji hayo. Kwa nini alipiga magoti, hiyo ni siri yenu wawili.