Kibao cha Abushiri Bagamoyo: mmewafuta watumwa, halafu mnataka tupige makofi?

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utalii. Sitangazi hoteli, nalalamika.

Mimi ni muongoza watalii hapa Bagamoyo. Kuna ofisi moja, siitaji, wenyewe wanajijua, ilituita waongozaji na wazee wachache tuandae maneno ya kibao kipya kuhusu vita vya 1888. Tukafurahi kweli. Tukakaa na wazee wa Dunda na Kaole, tukasoma, tukabishana barazani mpaka muuza kahawa akatuomba tupunguze sauti. Tukapeleka ukurasa mmoja wenye kueleweka. Juzi nimeonyeshwa kilichobaki: mistari minne. Abushiri bin Salim, shujaa aliyepigania uhuru wa Tanganyika dhidi ya mkoloni wa Kijerumani, akanyongwa kwa ajili ya taifa lake. Basi.

Tanganyika ipi, jamani? Mwaka 1888 nchi hiyo haipo, imekuja kuitwa hivyo mwaka 1920 chini ya Mwingereza. Kilichokuwepo ni Mrima, yaani pwani hii yetu, Sultani wa Unguja akihesabiwa ndiye mwenye pwani, na kila mji una majumbe wake wanaojiona hawana mkubwa. Abushiri mwenyewe alikuwa hamtii Sultani hata kabla Mdachi hajatandika kitanda chake hapa. Sasa mtu wa namna hiyo mnamvika bendera ya nchi ambayo hakuijua.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonitoa povu ni sentensi yetu ya tatu: "Abushiri alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na shamba hilo lililimwa na watumwa." Imekatwa. Nikauliza kwa adabu zote, mzee wangu, hii imekosa nini? Nikajibiwa, "Kijana, unataka kuwapa Wajerumani sababu?"

Kuwapa sababu! Wajerumani walishajipa sababu wenyewe miaka zaidi ya 130 iliyopita. Januari 1889 bunge lao kule Berlin lilipitisha marki milioni 2, na maelezo aliyoyapeleka kansela wao Bismarck yalikuwa hayo hayo: tunakwenda kukomesha biashara ya watumwa, wanaotupinga ni Waarabu wauza watu. Pesa ikatoka, kamanda wao Hermann von Wissmann akakusanya askari wa Kisudani kutoka Misri na Washangana kutoka Msumbiji, akaja kutupiga. Halafu utumwa akaufuta? Thubutu! Utawala wao uliuacha uendelee kwa masharti yao, wakatoa amri tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwishoni mwa 1905 watakuwa huru. Mzazi abaki alipo. Utumwa umekuja kufutwa kisheria mwaka 1922, Mjerumani ameshaondoka. Hilo ndilo jibu la kumpa mgeni yeyote anayekuja na hadithi ya ukombozi, na ni jibu zito. Kuficha miwa ya Pangani hakuliongezei uzito. Kunalipunguza, maana mgeni amesoma kabla hajapanda ndege, na anayeumbuka mbele yake ni mimi, si ofisi yenu.

Na msidhani upande wa pili una afadhali. Kwenye kikao hicho hicho kulikuwa na ndugu yetu mmoja anataka Abushiri aondolewe kabisa, kisa Mwarabu, kisa mwenye watumwa, awekwe Bwana Heri, mtawala wa mji wa pwani wa Saadani, peke yake. Bwana Heri namheshimu. Mwaka 1882 aliwatimua askari wa Sultani, na Abushiri alipokwisha nyongwa yeye aliendelea kupigana mpaka Aprili 1890 akafanya suluhu. Lakini Saadani ilikula kwa misafara kama Bagamoyo ilivyokula, na kwenye misafara ile pembe za ndovu hazikuja peke yake. Tukianza kufuta kwa kigezo hicho tutabakiwa na bahari na minazi. Nilimwambia hivyo hivyo, akanuna, mpaka leo hanisalimii. Poa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kidonda changu.

Vita vile havikuanzishwa na Abushiri. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani yote kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50, na Agosti wakaja kupandisha bendera yao. Pangani akapelekwa wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Akamdharau liwali, mwakilishi wa Sultani mjini, akaleta wanamaji, wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa, siku zile za Idi Kubwa. Kampuni ikataka ushuru, ikataka kila mwenye shamba athibitishe kwa maandishi kwamba ni lake. Nani alisimama? Watu wa mjini walisimama. Wapagazi waliokuwa wameshuka na misafara, watu wa mashamba, vijana wasio na jina, watumwa na watoro wa kutoka mabwana mbalimbali. Wakawafungia Wajerumani ndani ya nyumba. Sultani akamtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, akawatoa Wajerumani, halafu naye akafukuzwa. Wakubwa wa mji wenyewe walikuwa wanaogopa ule umati. Abushiri aliingia akaupa vita uongozi, na kazi hiyo aliifanya kwa ujasiri na akili, simnyimi. Ila aliwakuta watu wameshaamka.

Kwa hiyo mnapoifuta ile sentensi ya watumwa hamlindi heshima ya mtu mmoja. Mnawafuta na waliopigana. Mtumwa hayupo shambani, wala hayupo vitani, amebaki bwana mwenye kilemba peke yake kana kwamba alipigana na manowari za Wajerumani kwa mkono wake.

Yapo na mengine tuliyoyaandika yakakatwa. Mwaka 1889, baada ya Wissmann kuivunja ngome yake hapa jirani tarehe 8 Mei, Abushiri alikwenda bara, akaipiga Mpwapwa, akarudi na wapiganaji wa kabila la Wambunga, wale waliokuwa wakiitwa Mafiti. Vijiji vya Uzaramo viliporwa. Watu walikimbilia mjini, wengine wakajaa misheni kwa mapadre. Kwetu upande wa mama ni Wazaramo, na bibi yangu, Mungu amrehemu, jina la Abushiri hakulitaja kwa kulisifu. Huyo bibi naye si Mtanzania? Hana haki ya nusu mstari?

Na yapo ya kumpamba pia yakakatwa, maana aliyekata alikata tu. Misheni ya hapa Bagamoyo hakuigusa, alielewana na Padre Baur, na wakimbizi kwa maelfu wakasalimika mle ndani. Aliwakamata wasafiri wawili wa Kizungu, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawaachia baada ya kulipwa fidia. Meyer ndiye yule yule aliyefika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889. Wenzangu wa Moshi wanamtaja kila siku, hawasemi kwamba mwaka mmoja nyuma alikuwa mateka wa mtu wa Pangani! Hii ni mali kwa muongozaji yeyote. Nyie mmeitupa.

Abushiri alisalitiwa, akakamatwa Desemba 1889, tarehe 15 akanyongwa Pangani. Kaburi lake mimi sijawahi kuonyeshwa. Wajerumani waliokufa katika vita hivyo wana makaburi yao hapa ufukweni, yamezungushiwa ukuta na yanatunzwa. Sina ugomvi na maiti. Ila Wissmann mwenyewe alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909, Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na waliokuja kuiangusha mwishoni mwa miaka ya sitini ni wanafunzi wa huko huko Ujerumani. Wenzetu walibishana juu ya mtu wao hadharani mpaka wakamshusha na kamba. Sisi wa kwetu tunabishania ofisini, mlango umefungwa, halafu tunaletewa mistari minne.

Ninachotaka: kile kibao kisichomekwe. Mrudishe ukurasa wetu kama ulivyo, miwa, Mafiti, misheni na vyote. Kama nafasi ni finyu punguzeni picha, ile ya kilemba hata chanzo chake hakuna aliyeweza kunitajia.

NYONGEZA: Kuna mdau ameshanijibu kwamba natumika na mabeberu. Mkuu, posho ya kile kikao mimi sijalipwa mpaka leo, hao mabeberu waambie watume. Mwingine anauliza watoto wa shule watajifunza nini kama shujaa ana doa. Mwanangu yuko kidato cha pili, amekaririshwa Abushiri na Bwana Heri kwenye mstari mmoja na Mkwawa. Nilipomuuliza Abushiri alikuwa akiishi kwa kazi gani, akaniambia, "Baba, hiyo haitoki kwenye mtihani."

Barua ya kupinga naipeleka Jumatatu asubuhi. Wana-Bagamoyo mnaotaka kusaini njooni inbox, na watu wa Pangani pia, maana mtu ni wenu kabla hajawa wetu. Anayekuja kutukana Waarabu au Wazaramo asijisumbue, nitamripoti.