Camille Claudel: tumlaumu Rodin au ndugu zake?

Mleta mada:
Wakuu, kila anapotajwa Camille Claudel, mchongaji wa Kifaransa (1864–1943), lawama zote hubebeshwa Auguste Rodin, mchongaji maarufu aliyekuwa mwalimu na mpenzi wake: eti alimtumia, akamwacha, akamtia wazimu. Napinga. Rodin ana makosa yake, tena mengi. Ila waliofunga mlango ni ndugu.

Hebu angalieni tarehe. Baba yake, aliyekuwa akimtumia fedha, alifariki Machi 2, 1913. Machi 10 Camille akakamatwa akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa ombi la mama yake. Msiba haujapoa! Mwaka 1920 daktari akapendekeza arudishwe kwa jamaa zake. Mama akakataa, na hakumtembelea hata mara moja. Mdogo wake Paul, mshairi na balozi, alikwenda mara chache mno katika miaka 30. Camille alifia Montdevergues, karibu na Avignon, na mazishini Paul hakuonekana.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka ugonjwa. Alikuwa anavunja sanamu zake mwenyewe kwa nyundo, anajifungia ndani, anaamini Rodin na genge lake wanamwibia na wanataka kumpa sumu. Kuomba alazwe naelewa. Kukataa asitoke, hapo sina la kutetea.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana kuhusu familia na mpenzi, serikali mmeiachia? Chuo cha sanaa cha taifa Paris hakikupokea wanawake hadi 1897. Mwaka 1892 aliomba aagizwe kuchonga La Valse kwa marumaru, watu wawili wakicheza dansi. Mkaguzi akalalamikia uchi wao, ikabidi awavishe. Halafu L'Âge mûr: mwanamke kijana amepiga magoti, mikono imenyooshwa, na mwanamume anavutwa na kikongwe. Serikali iliiagiza 1895, ikaghairi kuimimina kwa shaba 1899. Wengi wanamshuku Rodin, maana alijiona katika yule mwanamume. Ila kalamu iliyofuta ni ya ofisi ya umma. Mwanamume mchongaji angepata kazi nyingine kesho yake. Yeye aliishia kudaiwa kodi.

Mleta mada:
Hoja ya serikali naipokea, na inazidi kumpunguzia Rodin mzigo. Baada ya kuachana aliendelea kumtafutia wateja, na fedha za matunzo alipeleka kwa siri. Mwaka 1914 alikubali kitengwe chumba cha kazi za Camille katika jumba lake la makumbusho, Paris.

Mchangiaji wa tatu:
Chumba ndani ya nyumba ya Rodin! Ndiyo shida yenyewe. Camille alichonga mikono na miguu ya sanamu za Rodin karakanani, na marumaru aliichonga mwenyewe wakati Rodin aliwaachia mafundi. Tazameni Les Causeuses: wanawake wanne wadogo mno, mmoja ananong'ona, watatu wamemwinamia. Rodin hakuwa na kitu cha namna ile. Tangu 2017 ana makumbusho yake katika mji wa Nogent-sur-Seine. Kazi zake zote zihamishiwe huko.

Mleta mada:
Hapo tunapishana. Sehemu ya kazi zilizoko kwa Rodin zilitolewa na Paul mwaka 1952, ndugu yuleyule aliyemwacha hospitalini. Na Paris inapata wageni wengi kuliko Nogent. Mimi nazibakisha pale, lakini chumba kipanuliwe. Wewe unaziondoa kwa haki ya nani?