Simu za nje kwa intaneti: tunaiba au tunatumia tulicholipia?

Waya Mbovu
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Kampuni za simu kila mara zinarudi na wimbo uleule: sisi tunaopiga simu za nje kwa intaneti tukiwa nyumbani tunabebwa bure kwenye mitandao yao, kwa hiyo wenye programu za kupigia wachangie gharama. Mimi naona kichekesho. Intaneti ya nyumbani nailipia kila mwezi, niitumie nisiitumie. Nikiangalia mpira, sawa. Nikisoma habari, sawa. Nikimpigia dada yangu aliye ng'ambo, nimeshakuwa mwizi?

Wenye umri wangu mnakumbuka. Kabla ya kupiga simu ya nje tulikuwa tunaandika kikaratasi: kwanza habari za wagonjwa, pili ada, tatu salamu, kama dakika itabaki. Haikubaki. Mtu mmoja anaongea, mwingine kashika saa anahesabu kwa vidole. Leo dada anapika huku tunaongea, muda mwingine tunanyamaza tu, kila mtu na shughuli zake, na simu iko hewani.

Swali langu ni moja: wana haki ya kudai hiyo fidia?

Ngumi Jiwe
Waliolaza mikongo chini ya bahari unadhani walikuwa wanatoa sadaka? Hakuna cha bure duniani, mkuu.

Waya Mbovu
Neno "bure" umelileta wewe na hizo kampuni. Mimi nimeandika "nailipia". Rudia kusoma taratibu.

Fundi Ruta
Tupige hesabu kidogo tupunguze kelele. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo kila sekunde vinatoka vipande 50. Kwa kodeki ya zamani (kodeki ni njia ya kugeuza sauti kuwa data), G.711, kila kipande kina baiti 160 za sauti, na juu yake bahasha ya baiti 40 yenye anwani na mpangilio. Jumla baiti 200, mara 50, ni 10,000 kwa sekunde. Dakika nzima ni kilobaiti 600 kwa kila upande. Opus, kodeki mpya zaidi ambayo ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, inaweza kwenda kwa nusu ya hapo na ukasikia sauti nzuri kuliko simu ya kawaida.

Kwa hiyo kwa Opus, hata ukihesabu pande zote mbili, filamu moja ya gigabaiti 3 ni sawa na kuongea na dada yako siku tatu na zaidi, mchana na usiku bila kulala. Mtu akwambie ni sauti ndiyo inayoelemea mtandao wake, mcheke.

Ngumi Jiwe
Na video je? Au dada yake anaongea naye amezima kamera?

Fundi Ruta
Video ni jambo jingine, nakubali. Ila mada ni simu.

Kalamu Nyeusi
Mnachanganya vitu viwili, ndiyo maana mtazunguka mpaka asubuhi.

Programu kwenda programu: pande zote mbili zimelipia intaneti yao, basi. Programu kwenda namba ya kawaida: sauti inasafiri kwa intaneti mpaka mahali fulani, halafu inaingizwa kwenye mtandao wa simu wa nchi ile, na kampuni ya kule inatoza ada ya kuifikisha kwa mwenye namba. Hapo ndipo pesa ilipo. Umbali siku hizi si gharama. Ndiyo maana unakuta nchi mbili jirani, moja unapiga kwa senti na nyingine inakukamua hata ukipitia intaneti. Intaneti imeondoa njia ndefu ya katikati, ila bawabu wa mlango wa mwisho yuko palepale na bei yake anaipanga yeye akishirikiana na mdhibiti wake. Anayetaka kugombana akagombane na bawabu. Haya ya kubebana bure ni ngonjera.

Na jambo moja dogo, nje ya mada: mpunguze kuweka simu za nje kwenye spika ili mtaa mzima ujue mna ndugu ng'ambo. Tumeshajua.

Mama Wawili
Kalamu Nyeusi, nimekuwa nasoma uzi huu kimya kimya, lakini hapo mwisho umenigusa pabaya.

Mama yangu sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia likiamua. Bila spika haongei na mwanawe. Wewe unaona majivuno, mimi naona mwanamke wa miaka sabini na kitu anayesogeza kiti karibu na meza ili amsikie mtoto wake. Kabla hujaandika, fikiria.

Ngumi Jiwe
Kuna mtu kaguswa 😂

Mama Wawili
Ndiyo, nimeguswa, na sikuficha. Wewe ungekuwa na mama ungeelewa.

Ngumi Jiwe
Dada, mama ninaye. Tena yeye ananipigia mwenyewe, na anajua kuzima spika.

Kalamu Nyeusi
Mama Wawili, sikumlenga mzazi mwenye shida ya kusikia, na kama imekuuma, radhi. Nilimlenga kijana mzima mwenye masikio mawili anayepiga kelele kwenye basi. Ila naona aya nzima ya ada ya kufikishia simu hakuna aliyeigusa, mmeruka moja kwa moja kwenye spika.

Sauti ya Pili
Mimi ndiye niliye huku ng'ambo, na kwa hili namuunga mkono Kalamu kwa asilimia mia. Mnaoweka spika hamjui tunavyoteseka. Kwanza najisikia mwenyewe: nikisema "hamjambo", baada ya nusu sekunde narudishiwa "hamjambo" yangu kama niko pangoni. Pili, siri hakuna. Juzi namweleza mama mambo ya mshahara wangu, taratibu, sauti ya chini. Nikasikia mjomba anacheka pembeni, anasema "kumbe!" Kesho yake nikapokea maombi matatu ya mkopo.

Waya Mbovu
😂😂 Hiyo "kumbe" imekugharimu kuliko simu ya kawaida.

Fundi Ruta
Sauti ya Pili, ngoja nikuongezee kitu ambacho wengi wanakikosea. Mwangwi ukiusikia wewe, tatizo liko kwa mwenzako. Sauti yako inatoka kwenye spika yake, inaingia kwenye maiki yake, inakurudia. Kwa hiyo hata ubadilishe simu mara kumi, ukate programu, umlaani mtoa huduma wako, haiponi mpaka upande wa pili washushe sauti au wavae hedifoni. Programu ina kazi ya kuufuta huo mwangwi, lakini spika ikipandishwa mwisho na chumba kina kuta tupu, inashindwa.

Na mkongwe wa pili wa matatizo ni waifai. Mtu ana fiba mpaka mlangoni, halafu ruta kaificha nyuma ya kabati, anaongea akiwa chumba cha tatu. Vipande vinafika vingine mapema, vingine vimechelewa, programu inavingoja, ikichoka inavitupa, nawe unasikia "ma... ja... leo". Halafu anakuja hapa kuandika kwamba simu za intaneti ni takataka.

Mama Wawili
Kwa hiyo nimfunge mama yangu nyaya masikioni kama rubani? Fundi, nakuheshimu, lakini hawa wazazi huwajui. Ukimpigia kwa video anaweka simu sikioni. Wiki iliyopita kaka yangu kaongea dakika ishirini na hereni. Akimwambia "mama, nionyeshe uso", mama anajibu "nakusikia vizuri mwanangu, usipige kelele".

Mzee Swichi
Wanangu, niwape historia kidogo. Nilifanya kazi kwenye swichibodi, pale pa kuunganishia simu, miaka mingi. Simu ya nje ilikuwa ya kuagiza. Mteja anatoa namba, anakaa kwenye benchi, tunamwita. Anaingia kibandani amevaa vizuri kama anakwenda kupiga picha. Na sauti ilikuwa safi kama maji ya kisima. Haya ya kukatakata na pango sikuyaona.

Kalamu Nyeusi
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo kumbukumbu inapamba kidogo. Simu nyingi za masafa zilipita kwenye setilaiti zinazokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu ni kama robo sekunde kwa upande mmoja, na jibu lirudi robo nyingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Simu ya intaneti inayopita kwenye mkongo mzuri mara nyingi iko ndani ya hapo. Na hiyo mikongo nayo ilianza kwa unyonge: ule wa kwanza wa simu kuvuka Atlantiki, TAT-1 wa 1956, ulibeba mazungumzo 36 tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana bei ilikuwa ile.

Mzee Swichi
Marahaba. Hizo setilaiti nimezitumikia kabla hujaanza kutambaa, usinifundishe robo sekunde. Lakini sisi tulikuwa tunamwambia mteja: maliza neno lako, nyamaza, ngoja. Na walingoja. Nyinyi mnaongea kama kuku waliomwagiwa mtama. "Unasemaje?" "Nasema..." "Eh, sema wewe." "Hapana, sema wewe." Dakika nzima mnapeana zamu na hakuna aliyesema kitu.

Na nyongeza: ile simu ya waya ilikuwa inaletewa umeme wake na kituo, volti kama 48, kwenye waya uleule. Umeme wa nyumba ukikatika, simu inaita. Ruta yenu ikizimika nyumba inaungua, zimamoto mtawaita kwa filimbi?

Ngumi Jiwe
Mzee kafunga goli 🙌

Waya Mbovu
Mzee shikamoo. Kila mtu hapa ana simu ya mkononi yenye laini ya kawaida, zimamoto tutawaita kwa hiyo. Hakuna aliyesema simu ya intaneti ichukue nafasi ya kila kitu. Mimi nazungumzia kumpigia dada.

Naomba turudi kwenye mada. Moroko, mwaka 2016, kampuni tatu za simu zilifunga simu za WhatsApp, Skype na wenzao. Mwaka haujaisha wakazifungua. Kama kweli zilikuwa zinawafilisi, mbona walizifungua?

Ngumi Jiwe
Sasa umetuhamishia Moroko. Halafu hiyo Skype unayoitaja si ilishanunuliwa na Google ikafa zamani?

Kalamu Nyeusi
Microsoft, siyo Google. 2011, kwa dola bilioni 8.5. Na haikufa zamani, imefungwa Mei 5, 2025. Ilikuwa hewani tangu 2003. Ukiamua kubisha, bisha na kitu ulichokisoma.

Ngumi Jiwe
Google, Microsoft, wote matajiri. Hoja yangu ni kwamba ilikufa, na namba za watu zikaondoka nayo. Laini yangu ya kawaida ninayo miaka yote.

Kalamu Nyeusi
Hiyo haikuwa hoja yako mpaka dakika hii, lakini ni ya maana, sikatai. Namba ya kampuni ya simu ina mdhibiti nyuma yake, na nchi nyingi unaruhusiwa kuhama nayo. Jina lako ndani ya programu ni la mwenye programu. Siku akiamua, mnaanza upya wote.

Sauti ya Pili
Hata haihitaji kufungwa. Ninayotumia mimi, siitaji jina, ilibadilisha tu mpangilio wake usiku mmoja. Kitufe cha kijani kikahamishwa kutoka chini kwenda juu. Mama alikuwa amefundishwa "bonyeza kijani cha chini". Siku nne nampigia, anaona picha yangu, anasikia mlio, anabonyeza pale chini pasipo na kitu. Akaambia watu mwanangu ananipigia na kunikatia. Ilibidi mtoto wa jirani aje amwonyeshe.

Kwa hiyo, Fundi, kilobaiti zako nazielewa. Ila simu ya kawaida mama alikuwa anaipokea gizani, bila miwani.

Mama Wawili
Hilo la kitufe ni kweli tupu. Wangu nimemwekea kipande cha plasta ya rangi pembeni ya kioo, pale pa kubonyeza. Wakihamisha tena, nitahamisha plasta.

Fundi Ruta
Plasta 😂 hiyo ni akili kubwa. Mama Wawili, tusigombane. Jaribu hivi: usimvalishe chochote. Nunua spika ndogo ya nje yenye maiki yake, zile za mikutano, zimetengenezwa kwa ajili ya kufuta mwangwi. Iweke mbele yake mezani, usiipandishe mwisho, tandika kitambaa kinene mezani isigonge. Na kama ongea yake ni palepale kila siku, achana na waifai, vuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta au tableti anayotumia. Tableti nyingi zinapokea kwa kiunganishi kidogo tu.

Waya Mbovu
Kwa hiyo hakuna atakayejibu swali langu la fidia?

Ngumi Jiwe
Mimi nilijibu juu kabisa. Walipwe.

Kalamu Nyeusi
Na mimi nilijibu, mkasoma spika.

Mama Wawili
Kalamu, ulijibu vizuri, nimeirudia aya yako sasa hivi. Ungeishia pale kwa bawabu tungeenda sawa.

Fundi, huo waya unauzwa kwa mita? Na ukipita chini ya mlango hauharibiki?

Fundi Ruta
Unauzwa kwa mita na pia upo uliokatwa tayari. Pima kutoka kwenye ruta mpaka anapokaa mama ukifuata ukuta, usikatize katikati ya chumba, akijikwaa utanilaumu. Ongeza mita mbili za kona. Chini ya mlango tafuta ule wa bapa.

Mama Wawili
Mita kumi na moja. Ngoja nimuulize kama atakubali kuhamisha kiti.